Kabla ya Ganzi, Taja Kila Unachomeza

Anayefika dirishani kwetu akiwa ameshika shavu huwa na ombi moja tu: "Dada, naomba ya kutuliza jino." Simlaumu. Jino likianza kuuma usiku wa baridi ya Juni huku Iringa, hapakuchi. Lakini kabla sijafungua kopo lolote namuuliza anatumia dawa gani nyingine, na jibu la kwanza karibu kila mara ni "hakuna". Tukiongea kidogo inajitokeza kwamba ana presha ya miaka mingi na kidonge chake cha asubuhi, kwamba anameza vidonge vya uzazi wa mpango, kwamba shemeji yake wa Makete alimletea unga wa mizizi wa kusafisha damu. Kwake vyote hivyo si dawa. Dawa ni ile aliyoijia leo.

Mimi ni mfamasia, si daktari wa meno. Sijawahi kung'oa jino la mtu. Lakini wanaong'olewa wanapitia kwangu kabla, wanarudi kwangu baada, na nimeshaona ya kutosha kuamini jambo moja: koleo la daktari halina makosa mengi kama tunavyodhani. Mambo mengi huharibikia kwenye kile mgonjwa alichonyamazia kabla ya ganzi, na kile alichojiongezea mwenyewe akishafika nyumbani.

Nianze na baba yangu mdogo wa Ifunda, ambaye ameniruhusu nimseme. Utotoni aliugua koo mara kwa mara bila kutibiwa, moyo ukaingia matatani. Ndivyo ugonjwa wa moyo wa rumatiki unavyoanza: mwili unapambana na bakteria wa koo, kisha kinga hiyohiyo inageuka na kujeruhi vali za moyo, yaani milango yake ya kupitishia damu. Ukubwani akawekewa vali ya bandia Dar es Salaam, na tangu hapo anameza wafarini kila jioni. Wafarini inachelewesha damu kuganda. Bila hiyo damu inaweza kuganda kwenye ile vali, bonge likaiziba au likasafiri mpaka kwenye ubongo na kumletea mtu kiharusi.

Gego lake la chini likaoza, likaanza kutoa usaha, akaambiwa litoke. Jirani yake, mtu mwema kabisa aliyemtakia heri, akamwonya kwamba akienda kung'oa huku anameza "dawa ya kuyeyusha damu" atamwaga damu mpaka aishiwe. Baba mdogo akaiacha wafarini bila kumwambia mtu. Mama mdogo ndiye aliyeona kopo halipungui, akanipigia.

"Shikamoo baba. Nasikia dawa ya moyo umeiacha?"

"Marahaba mwanangu. Sijaiacha, nimeisimamisha tu mpaka jino litoke."

Hiyo "nimeisimamisha tu" ndiyo inayonitia hofu kuliko sentensi zote ninazosikia kazini. Damu inayotoka kwenye fizi unaiona. Utaiziba kwa pamba, daktari atashona, atakaa na wewe mpaka ikome. Bonge linalojijenga kwenye vali hulioni, na siku likikujulisha habari zake unakuwa tayari huongei wala mkono hauinuki. Ndiyo maana madaktari wa meno na wa moyo wamekubaliana siku hizi kwamba kwa jino la kawaida mgonjwa haachi wafarini, anapimwa kwanza. Kipimo kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Asiyetumia dawa hiyo huwa na karibu 1. Mwenye vali ya bandia hutakiwa awe kati ya 2 na 3.5 hivi, kulingana na aina ya vali na mahali ilipowekwa. Ikiwa chini ya 4 madaktari wengi wa meno huendelea na kazi, wengine wanataka isizidi 3.5, na wanataka jibu la karibuni, la siku hiyo au la jana yake. Jibu la mwezi uliopita halisaidii, kwa sababu namba hiyo inapanda na kushuka kwa chakula, kwa pombe, kwa dawa nyingine, hata kwa wingi wa mboga za majani ulizokula wiki hiyo.

Tulimpigia daktari wake wa moyo. Akaagiza arudie dozi yake ileile, asijaribu kufidia vidonge alivyoviruka, na jino lisubiri mpaka kipimo kikae sawa. Likasubiri.

Yanayohusu wafarini yanahusu pia aspirini ndogo ya miligramu 75 wanayopewa watu wa moyo na waliowahi kupata kiharusi, na klopidogreli kwa waliowekewa stenti, kile kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo. Wengi huacha aspirini jana yake wakidhani wamejilinda. Haiwasaidii chochote. Aspirini ikishagusa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, inazilemaza kwa maisha yote ya chembe hizo, yaani siku 7 hadi 10, kwa hiyo kuacha kwa usiku mmoja hakupunguzi damu kwenye fizi. Kunaanza tu kuulegeza ulinzi wa moyo. Kama kuna haja ya kuisimamisha, anayesema hivyo ni aliyekuandikia.

Siku ya jino baba mdogo alipewa vidonge vinne vya amoksilini vya miligramu 500, avimeze vyote kwa mara moja, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kazi. Mama mdogo alivitazama kiganjani, akanitazama mimi. "Vinne? Si wamekosea?" Hawakukosea. Jino linapotoka, bakteria wa kinywani huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa mtu mwenye moyo mzima wanaondolewa bila yeye kujua. Kwa mwenye vali ya bandia wanaweza kutulia pale na kuanza maambukizi ambayo ni kazi kubwa kuyatibu. Gramu 2 kwa mara moja ni kinga yake, na wanaoihitaji ni wachache: wenye vali za bandia, waliowahi kupata maambukizi ya moyo wa ndani, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Mwenye presha au sukari peke yake haimhusu. Na aliyewahi kuvimba midomo, kutoka vipele mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini aseme mapema apewe kitu kingine, maana amoksilini ni ya ukoo huohuo.

Gego likatoka. Shimo lilishonwa, akang'ata kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kusaidia damu kugandia palepale, na hawakumruhusu kuinuka kwenye benchi mpaka daktari alipokifungua kinywa chake tena na kuridhika. Akaondoka na bahasha moja ya parasetamoli.

Sasa niseme juu ya asubuhi yenyewe, kwa sababu hapa nako pana imani nyingi. Watu wa presha huacha kidonge siku hiyo "ili kisigombane na ganzi". Hakigombani. Ganzi nyingi za meno ni lignokaini yenye adrenalini kidogo ndani yake, ambayo inabana mishipa ili ganzi idumu na damu isitoke sana. Anayekuja amemeza amlodipini yake anafanyiwa kazi kwa utulivu. Anayekuja hajameza, ana hofu, amelala vibaya kwa maumivu, anapimwa na kukutwa 180 kwa 110 au zaidi, anarudishwa nyumbani. Amepanda basi kutoka Pawaga au Kilolo bure. (Na kama fizi zako zimekua zikaanza kufunika meno tangu uanze amlodipini au nifedipini, mwambie daktari. Ni tabia inayojulikana ya dawa hizo, si uchafu wako.)

Kwa watu wa sukari kosa liko upande wa pili. Mtu anaambiwa na majirani asile chochote kabla ya kung'oa. Anachoma insulini au anameza glibenklamidi kama kawaida, kisha anakaa foleni na njaa. Nimemwona mama mmoja wa Mafinga akitetemeka, jasho linamtoka kwenye ubaridi, watu wakidhani ni woga wa sindano. Ilikuwa sukari imeshuka. Chai ya sukari nyingi ilimrudisha. Kwa ganzi ya kawaida ya kinywani, kula. Kunywa uji wako, meza dawa zako, omba kuhudumiwa asubuhi mapema ili usikose mlo wa mchana. Anayetakiwa kufunga ni yule anayekwenda kulazwa kwa nusu kaputi, kwa mfano gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa au taya lililovunjika: chakula kinaachwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla. Huyo lazima aulize, tena kwa uwazi, nimeze ipi asubuhi hiyo kwa funda la maji na niache ipi, kwa sababu dawa za sukari siku ya kufunga zina mpango wake.

Kuna dawa nyingine ambazo hakuna anayefikiri zinahusu kinywa. Anayemeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa muda mrefu asiikatishe. Aliyewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa, hasa kwa saratani iliyofika kwenye mifupa, aseme kabla jino halijaguswa, kwa sababu taya lake linaweza kushindwa kupona. Anayetumia kitunguu saumu kwa wingi kama dawa, au mchanganyiko wa mizizi asioujua vizuri, aseme pia. Baadhi ya vitu hivyo huongeza kutoka damu. Hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza kwa kutaja mizizi.

Na sasa ARV, dawa za VVU, ambazo nataka kuzisema bila kunong'ona. Nyanda hizi za juu ndizo zenye maambukizi mengi ya VVU kuliko kwingine nchini. Utafiti wa 2022/2023 uliiweka Njombe mbele kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa ikafuata kwa 11.1. Maana yake kila siku kwenye viti vya madaktari wa meno wa Makambako, Iringa na Mbeya wanakaa watu wanaochukua dawa CTC, yaani kliniki ya VVU, na wengi wao wakiulizwa wanajibu "situmii kitu". Naelewa kwa nini. Dirisha letu lina foleni, anayekusikia nyuma anaweza kuwa mjomba wa mkeo. Lakini tazama kinachotokea. Kidonge cha TLD, ile ARV ya kila siku, kina tenofovia, ambayo figo ndizo zinazoitoa. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, nazo huzibana figo. Ukizitumia pamoja kwa dozi kubwa, siku baada ya siku, figo zinaweza kuumia bila dalili. Halafu diklofenaki inakuchoma tumbo, unanunua vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, vyenye magnesiamu na alumini. Hivyo vinaikamata dolutegravia, dawa nyingine iliyomo ndani ya TLD, tumboni, haiingii mwilini ipasavyo. Umeng'oa jino, umeishia kudhoofisha tiba uliyoitunza kwa miaka. Ukihitaji kidonge cha asidi, TLD itangulie kwa saa 2 au ingoje saa 6 baada yake. Omba kuongea faraghani. Andika kwenye karatasi ukamkabidhi daktari mkononi. Mwambie mfamasia akusogelee. Na TLD yenyewe usiiruke siku ya jino wala siku inayofuata, hata kama mdomo umevimba.

Sasa umerudi nyumbani, shavu zito, mate yana wekundu. Ganzi huisha ndani ya saa chache, na wakati mzuri wa kumeza kidonge cha kwanza cha maumivu ni kabla haijaisha. Ukingoja mpaka uanze kulia, utakuwa unayakimbiza maumivu usiku kucha. Kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya 500, pamoja na ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, hufanya kazi vizuri sana kwa maumivu ya jino lililotolewa. Dawa hizo mbili zikienda pamoja huzidi nguvu ya kila moja peke yake. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya 500 kwa saa 24, na kwa mtu mwembamba sana au mwenye ini bovu ni chini ya hapo. Hesabu vyote, hata parasetamoli iliyojificha ndani ya dawa ya mafua na ndani ya vidonge vya mchanganyiko vyenye aspirini na kafeini. Ini halijui jina lililoandikwa kwenye boksi.

Ibuprofeni si ya kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo, mjamzito kuanzia miezi mitano, na anayetumia wafarini kama baba mdogo, wote wabaki na parasetamoli mpaka daktari aseme vingine. Na tafadhali, ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa baba mmoja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu, kunaongeza kidonda tumboni. Aspirini usimpe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16. Wala usiisage ukaiweka kwenye fizi. Inaunguza, inaacha alama nyeupe yenye maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Vivyo hivyo unga wa kidonge cha rangi mbili uliofunguliwa na kumiminwa kwenye shimo: hautibu, unachafua bonge la damu ambalo ndilo linaloponya.

Zile bahasha ndogo za karatasi zinahitaji maelezo, maana watu wengi wanazibeba hawazisomi. Ukiona 1x3x5/7 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Mara tatu ya antibiotiki ni kila baada ya saa 8. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mtu anayemeza asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama ameiacha dawa ikishuka mwilini usiku mzima. Ukipewa bahasha isiyo na jina la dawa, irudishe iandikwe. Una haki hiyo hospitalini, una haki hiyo kwenye famasi, una haki hiyo kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Maduka hayo yalianzia hapahapa kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, kwa nia ya kumwekea mwanakijiji mtoa dawa aliyefundishwa. Mtumie huyo. Muulize.

Si kila anayeng'oa jino anahitaji antibiotiki. Nasema hivi nikijua nitapunguza mauzo ya watu. Jino linalouma kwa sababu neva yake imewaka halitulii kwa amoksilini. Linatulia kwa kuzibwa au kutolewa. Antibiotiki ina kazi pale pana usaha unaosambaa, homa, uvimbe unaokua. Ukiandikiwa, imalize kama ulivyoelekezwa, usimwachie jirani vilivyobaki. Hasa hivyo vilivyobaki, kwa sababu ndivyo vilivyotaka kumponza baba mdogo.

Siku ya tatu hivi shavu lake lilikuwa bado limevimba, jambo la kawaida, kwa kuwa uvimbe hufikia kilele chake kati ya saa 48 na 72 kisha unaanza kushuka. Jirani yuleyule akamletea metronidazoli, ambayo ni antibiotiki, na diklofenaki, zilizosalia kwake. Metronidazoli inazuia ini lisiivunjevunje wafarini, INR inapanda haraka. Diklofenaki inachubua tumbo na kulegeza chembe sahani. Kwa mtu wa wafarini, mbili hizo kwa pamoja ni damu tumboni. Mama mdogo aliviweka juu ya kabati akanipigia kwanza, na namshukuru kila nikikumbuka. Kuna nyakati daktari anaiandika metronidazoli kwa mtu wa wafarini akijua, lakini hapo anapanga pia INR ipimwe tena baada ya siku chache.

Halafu ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Siwezi kuandika habari ya dawa za meno Iringa nikaacha ulanzi. Metronidazoli na pombe havikai pamoja: moyo unaenda mbio, uso unawaka, kichwa kinapasuka, unatapika, na ukitapika na mshono mdomoni damu inaanza upya. Kaa mbali na pombe mpaka siku 3 zipite baada ya kidonge cha mwisho. Watu huniambia, "Lakini dada, mtogwa si pombe." Mtogwa, ulanzi mbichi wa asubuhi, ni mtamu kweli, ila umekingwa usiku kucha na umeshaanza kuchachuka, kufikia jioni unaelekea kuwa mkangafu, ulanzi mkali. Sina namna ya kukuambia ni saa ngapi unavuka mpaka. Hata bila metronidazoli, pombe juu ya parasetamoli nyingi inalitesa ini, na pombe juu ya wafarini inaivuruga INR. Komoni ya Mbeya, pombe ya nafaka, ni vilevile.

Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara wala kuweka ugoro, usinywe chai ya moto hata kama Mafinga kunaganda. Uji wa vuguvugu, parachichi lililopondwa, mtindi, ndizi laini. Saa 24 zikipita, maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi, taratibu, baada ya kula. Ukiwa umepewa antibiotiki ya doksisaiklini au siprofloksasini, mtindi na maziwa viwe mbali na kidonge kwa saa 2, kwa sababu kalsiamu huizuia isiingie mwilini. Amoksilini haina shida hiyo.

Damu ikiendelea kuchuruzika, ng'ata kitambaa safi kilicholowa maji kwa nusu saa bila kuchungulia. Ikishindikana mara ya pili, nenda. Maumivu yanayorudi kwa ukali siku ya pili hadi ya nne, na harufu mbaya, mara nyingi ni shimo lililopoteza bonge lake. Hilo linasafishwa na kuwekewa dawa kitini, kidonge peke yake hakitoshi. Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza mate, ulimi ukainuliwa, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, usingoje kupambazuke na usije kwangu dirishani. Tafuta gari usiku huohuo mpaka hospitali ya rufaa, keti wima njiani, na aliyekusindikiza abebe dawa zako zote na bahasha zake, awaambie wa mapokezi ulimeza nini mara ya mwisho na saa ngapi.